Kanisa ni la nini? Barua kwa somo yangu

Morogoro, Jumatatu

Somo yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako niliusoma usiku watoto wakiwa wamelala, na asubuhi nikaurudia. Pole sana, somo. Mama kulazwa muda wote ule asipite hata mtu mmoja wa parokia kumjulia hali, halafu wiki aliyorudi nyumbani analetewa bahasha ya mchango wa uzio! Unaniuliza kanisa ni la nini hasa, maana kusali unasali chumbani kwako, na mahubiri unayapata kwenye simu, tena mazuri kuliko ya huko kwenu.

Nitakujibu kwa kirefu, uniwie radhi, kwa sababu jambo hili nalipenda mno, siwezi kulijibu kwa mistari miwili.

Hasira yako ni ya haki. Ungekuwa huamini kwamba kanisa lina wajibu wa kumtembelea mgonjwa, usingeumia hivyo. Na hukuanza wewe kulalamika. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa kwenye mgawo wa chakula wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakuwaambia wakasali majumbani mwao. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia mgawo ule, Stefano akiwa mmoja wao. Kanisa lilikuwa changa kabisa, halina jengo wala kiwanja, na tayari ilijulikana kwamba mjane akilala njaa, ni shauri la wote.

Kisha usome 1 Wakorintho 11, yote, si kipande tu. Paulo amekasirika. Watu wa Korintho wanakutana, huyu ana njaa, yule amelewa, na anawaambia wazi kwamba wanachokula pale si chakula cha Bwana. Mistari michache mbele ndipo anapoyaleta maneno ya Yesu juu ya mkate na kikombe, ambayo tunayasikia kila Alhamisi Kuu. Tumezoea kuyasikia peke yake, bila yale makaripio yaliyoyatangulia. Mimi naona jibu la swali lako limo humo. Kanisa lipo ili watu wamwabudu Mungu wakiwa mwili mmoja, na umoja huo uonekane kwenye mambo ya kushikika: nani amekula, nani anaumwa, nani amefiwa. Simu inakuletea neno la Mungu, nami huwasikiliza mapadre hao nikimenya ndizi jikoni. Lakini anayehubiri humo hajui kwamba mama yako aliumwa, wala hawezi kulaumiwa kwa kutojua. Parokia yenu inaweza kulaumiwa, kwa sababu mama ni kiungo chake.

Kuhusu michango, ni ya tangu zamani, somo. Paulo alichangisha Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Mtakatifu Yustino, aliyeandika kule Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza Jumapili yao ilivyokuwa: masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, kisha wenye nacho wanatoa kwa hiari yao, na kilichopatikana anakabidhiwa anayeongoza ibada awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Sisemi uzio haufai, wezi wapo. Ila parokia yenye kamati ya ujenzi iliyo hai na isiyojua wagonjwa wake ni akina nani imekosea mahali, na waamini wana haki ya kulisema hilo. Wana haki hata ya kupewa hesabu. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1287, inawataka wasimamizi wa mali kutoa hesabu kwa waamini juu ya vile walivyovitoa. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliliona tatizo hili mapema. Walipokutana Nairobi mwaka 1976 chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walikazia kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, kwa sababu parokia ya maelfu ya watu haiwezi kujua nani hakuamka leo. Majirani wanaweza.

Yetu hapa inasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, sisi kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima. Tunasoma Injili ya kesho yake, na kabla ya sala ya mwisho katibu anafungua daftari na kuuliza, "Wagonjwa?" Ndivyo tulivyojua habari za mzee mmoja aliyepooza upande, anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Kijana anayekaanga chipsi stendi alijitolea, akawa anambeba mgongoni kutoka chumbani hadi kwenye bajaji siku za kliniki. Kina mama wakagawana siku za kumfulia. Padre akaanza kumletea Komunyo. Yule kijana na yule mzee si kabila moja, si ukoo mmoja, na bila jumuiya wasingejuana kamwe. Nikimwona amemshika vizuri miguu isigonge mlango, naelewa kanisa ni la nini kuliko nilivyoelewa kwenye semina yoyote.

Najua jumuiya nazo zina mambo yake. Umesema mama alitishiwa kwamba akiwa na deni la michango hatazikwa na padre. Hilo silitetei hata kidogo. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa wasipoonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani waziwazi, wazushi wa mafundisho na waliojitenga na Kanisa, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Mwenye deni la mchango hayumo. Mwambie mama hivyo leo leo, alale usingizi.

Neno moja zaidi juu ya kusali peke yako. Endelea, Yesu mwenyewe alituagiza tuingie chumbani na kufunga mlango. Ila kumbuka, hakuna aliyejibatiza. Hakuna anayejiondolea dhambi. Hata Papa hupiga magoti mbele ya padre mwingine. Imani uliyonayo humo chumbani ulipewa na watu: bibi yako, katekista wetu, yule sista aliyetufundisha Salamu Maria. Mwanao naye ataipokea kwa nani?

Naomba ufanye hivi. Mwendee mwenyekiti wa jumuiya ya mama, umweleze yote uliyonieleza, hata kama sauti itatetemeka. Omba padre amletee mama Komunyo nyumbani. Wakikupuuza, niandikie, nitakuja tumwone paroko pamoja.

Msalimie mama sana. Nitampigia Jumapili baada ya misa ya pili.

Somo wako akupendaye