Mtoto abashiri kwanza, ndipo atazame

Mhariri,

Kila mjadala wa sayansi shuleni unapozuka magazetini, hoja huishia kwenye maabara, kemikali na uhaba wa walimu wa sekondari. Darasa la awali halitajwi, kana kwamba mtoto wa miaka 4 au 5 hana sayansi ya kufundishwa zaidi ya kuimba viungo vya mwili na kukariri mchoro wa mmea uliobandikwa ukutani. Sisi tunaofundisha umri huu tunasema anayo, tena vifaa vyake vingi vinaenea mezani. Kinachokosekana ni namna ya kuliendesha somo.

Chukua kuelea na kuzama. Kwa kawaida mwalimu anasimama mbele, anatumbukiza jiwe, linazama. Anaweka jani, linaelea. Watoto wanaitikia kwa pamoja, kipindi kimekwisha. Wametoka na wazo lilelile waliloingia nalo, kwamba kizito huzama na chepesi huelea, maana mifano yenyewe imelithibitisha. Weka badala yake kipande cha mbao laini kinachomlemea mtoto mkononi, na kando yake msumari mdogo. Kabla chochote hakijagusa maji, kila mtoto akishike kitu, akipime kwa mkono, kisha akiweke upande wa vitakavyoelea au wa vitakavyozama. Hapo ndipo somo lilipo. Mtoto aliyekwisha kuchagua upande huyatazama maji kwa jicho jingine kabisa.

Watoto 4 hadi 6 wanatosha kwa beseni moja. Wakizidi, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao tu. Maji yawe ya kina cha sentimita 10 hadi 15. Kila kitu kisukumwe kwa kidole hadi chini, kisha kiachiwe, kwa sababu pini au klipu ya karatasi ikilazwa polepole hubaki juu kwa mvutano wa uso wa maji, na darasa zima litaapa kwamba chuma kinaelea. Halafu leta plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, gramu 50 hivi. Ikiviringwa kama mpira, inazama. Donge lilelile likitandazwa na kuinuliwa kingo liwe mashua, linaelea, kwa kuwa sasa linasukuma pembeni maji mengi zaidi. Neno densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake, halina kazi hapa. Yatosha mtoto aone kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ila umbo. Mashua nyingi za kwanza huzama kwa sababu kingo ni fupi au kona zimepasuka. Mwalimu asizitengeneze yeye. Na beseni limwagwe mara kipindi kinapoisha: maji ya sentimita chache tu yanaweza kumuua mtoto mdogo aliyeangukia kifudifudi.

Mbegu ndizo zinazoharibiwa zaidi. Maharage hulowekwa usiku mmoja, si siku mbili, kisha hubanwa kati ya ukuta wa chupa angavu na karatasi ya kufyonza iliyokunjwa ndani yake, ili mzizi uonekane. Maji yakae chini kabisa, kina cha sentimita 1 hivi, yapande yenyewe kwenye karatasi. Yakifika kwenye mbegu, mbegu inakosa oksijeni, inaoza, na chupa inanuka. Panda 5 au zaidi katika kila chupa, kwani nyingine hazitaota. Mbegu zilizotiwa dawa, ambazo mara nyingi hupakwa rangi kali, zisiingie darasani, na maharage mabichi yasitafunwe. Yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa vizuri.

Kisha weka chupa moja kabatini kwenye giza na nyingine dirishani. Baada ya wiki moja na ushei, mche wa kabatini unakuwa mrefu kuliko wa dirishani. Watoto wanashangilia: giza ni zuri kwa mimea! Mwalimu anababaika, anawaambia wamekosea, na pengine anaficha chupa. Hawajakosea. Wamepima urefu, na urefu ndio huo. Mche wa gizani hurefuka haraka ukitafuta mwanga, huku ukila akiba iliyomo ndani ya mbegu. Waulizwe tu rangi ikoje, shina ni nene kiasi gani, upi unasimama wenyewe. Kila siku mbili wakate ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na mche, waubandike ukutani kwa mpangilio. Hiyo ni grafu, na asiyejua kuandika namba anaisoma. Endelea hadi akiba iishe na mche wa gizani uanze kulegea. Au utoe mmoja mapema uje dirishani, wauone ukianza kuwa kijani.

Maswali nayo yana ufundi wake. "Kwa nini?" ni swali gumu kwa mtoto wa miaka 5, na mara nyingi huleta kimya au jibu la kubuni. "Unadhani itakuwaje tukipindua chupa?" analijibu papo hapo, na mzizi utakaojikunja kuelekea chini utamwambia kama amepata. Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha, katika makala yake ya 1974, kwamba walimu husubiri sekunde 1 hivi tu kabla ya kuingilia, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na wengi zaidi hushiriki.

Volkano ya magadi soda na siki, kipenzi cha maonyesho ya shule, hatuichukii. Ila inavyofanywa, mtoto hana cha kuamua, anapiga makofi. Ipange upya: vikombe 3 vinavyolingana, siki kipimo kilekile, magadi kijiko nusu, 1 na 2. Wabashiri povu lipi litapanda zaidi. Siki ikiwa kidogo, kijiko cha ziada hakitaongeza povu, kwa kuwa siki ndiyo imekwisha, na mjadala utakaofuata unazidi mlipuko wowote. Kitu kimoja kibadilike kwa wakati mmoja; ukibadilisha na siki, hakuna atakayejua ni kipi kilicholeta tofauti.

Tunawaomba wakaguzi na wazazi wasipime sayansi ya awali kwa daftari lililojaa maneno yaliyonakiliwa ubaoni. Waulize watoto walibashiri nini, na waliona nini. Na walimu wanaotumia sumaku wachague kubwa zisizoweza kuingia mdomoni: vidude viwili vya sumaku vikimezwa hung'ang'aniana tumboni na kutoboa utumbo, na hilo ni la kukimbizwa hospitali mara moja.

Walimu wa elimu ya awali