Namby-pamby alikuwa mtu, na hakuwa mdebwedo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee marehemu aliyefariki mwaka 1749. Mwandishi wenu wa safu ya lugha alieleza juma lililopita kwamba Waingereza wakimwita mtu namby-pamby wanamaanisha ni goigoi, mdebwedo, mtu wa kudekezwa. Hapo yuko sawa. Ila alipofika kwenye asili alisema ni sauti tu za kuchezea watoto, akapita zake. Mimi ni mwalimu wa chekechea, kutwa niko na hizo sauti za kuchezea watoto, na nimeshindwa kunyamaza.

Namby ni Ambrose, jina lililokatwakatwa kitoto. Pamby ikafuata kwa ajili ya kina, na ile P ni ya Philips. Ambrose Philips alikuwa mshairi, msomi wa Cambridge na mfuasi wa chama cha siasa cha Whig. Katika miaka ya 1720 alitunga mashairi ya kuwasifu watoto wa wakubwa, wakiwamo mabinti wa familia ya Pulteney. Moja linamhusu Charlotte akiwa mikononi mwa mama yake. Mistari ni mifupi, mizani saba saba, na vina vinakwenda viwili viwili. Mtoto anaitwa ua lililochanua kwa wakati wake, na anasifiwa kwamba anapendeza bila kujua ujanja wowote wa kupendeza. Nimelisoma kwa sauti mara nyingi. Mapigo yake ni ya kubembeleza hasa, na anayejua kazi ya kulaza watoto atakwambia kuyapata si rahisi.

Mwaka 1725 mshairi mwenzake, Henry Carey, akatoa shairi la kejeli kwa mapigo yaleyale, akaliita Namby Pamby. Humo anadai Philips amekuwa mtu mzima mara moja na mtoto mara mbili. Kwanza jina hilo lilibandikwa Philips mwenyewe, likahamia kwenye mashairi ya aina yake, mwisho likamwangukia yeyote anayeonekana legelege.

Aliyelishabikia jina hilo ni mshairi mwingine, Alexander Pope, na ugomvi wao ulikuwa wa siku nyingi. Mwaka 1709 mashairi yao kuhusu maisha ya wachunga kondoo yalitoka katika kitabu kimoja, ya Philips mwanzoni, ya Pope mwishoni. Mwaka 1713 gazeti la The Guardian la wakati huo, lililoendeshwa na Richard Steele, likammwagia Philips sifa na Pope asitajwe. Pope akapeleka makala isiyo na jina, akijifanya anamsifu Philips huku akimchanachana, na Steele akaichapa. (Ndugu Mhariri, makala zisizo na jina zina mambo.) Samuel Johnson, mtunga kamusi na mhakiki wa Kiingereza, anasimulia kwamba Philips alitundika fimbo katika mkahawa wa Button's, London, akaapa kumchapa Pope. Huyo ndiye mdebwedo wetu! Na Pope mwenyewe alikuwa na kibyongo kutokana na ugonjwa wa uti wa mgongo, kimo chake hakikufika mita moja na nusu, na maadui zake hawakuchoka kuucheka mwili huo. Alijua vizuri kuchekwa unyonge kunavyouma, akamtupia mwenzake.

Philips alihamia Ireland kama katibu wa Askofu Mkuu Hugh Boulter, akawa mbunge wa Armagh, kisha jaji. Hayo hayakumvua lile jina.

Kosa lake, nionavyo mimi, ni kuzungumza na mtoto mchanga kwa upole hadharani, naye ni mwanamume. Nakubali alikuwa akijipendekeza kwa wazazi wenye vyeo, na hilo lastahili kuchekwa. Lakini kilichochekwa ni ule wororo, na ndio uliobaki kwenye kamusi. Nina wenzangu wanaume wanaofundisha watoto wadogo, na kebehi za namna hiyo wanazipata kila wiki.

Johnson, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliandika kwamba katika kazi zote za Philips zinazopendeza zaidi ni hizo hizo za mistari mifupi zilizompa jina la dhihaka. Nimeanza kulitafsiri lile la Charlotte kwa ajili ya darasa langu. Mizani saba imenishinda, natumia nane.

Wako,
Mwalimu wa chekechea