Risala ya kikundi cha kusaidiana cha madereva, matingo na makarani wa forodha kwa mgeni rasmi, Tunduma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, viongozi wa mtaa, wageni waalikwa na wanachama wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kufika, tukijua majukumu yako ni mengi na foleni ya malori kuingia Tunduma haina mkubwa wala mdogo.

Kikundi chetu kilianzia kwenye kibanda cha mama lishe jirani na maegesho ya malori, tukichangiana misiba. Leo kina katiba, akaunti benki, turubai kubwa na viti vinavyokodishwa hadi Vwawa. Tangu tuanze, hakuna mwanachama aliyezikwa bila heshima. Ni mafanikio makubwa, na tunajivunia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo tuyaache hapo. Jambo tuliloliandalia risala hii ni moja: pensheni ya mtu aliyefanya kazi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia.

Wengi wetu tumeajiriwa Mbeya miaka kadhaa, tukahamia Nakonde au Kitwe, upande wa Zambia, kisha tukarudi. Huku tunachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja. Kule ni mfuko wa pensheni wa Zambia, NAPSA, asilimia 5 kwa mfanyakazi na 5 kwa mwajiri. Kila mfuko unataka miezi 180 ndipo ulipe pensheni ya kila mwezi. Sasa chukua mwenzetu aliyechangia miaka 9 huku na miaka 8 kule. Ana miezi 108 na miezi 96, jumla 204. Amevuka kiwango, lakini kila dirisha linamwona pungufu. Anaambulia malipo ya mkupuo huku na mkupuo kule, fedha zinaisha nyumba haijapauliwa, na uzee ndio kwanza unaanza.

Hatuombi upendeleo. Tunaomba miezi ijumlishwe. Aliyetimiza 180 kwa nchi zote mbili apate pensheni, na kila mfuko ulipe fungu lake tu: Tanzania sehemu 108 kati ya 204, Zambia 96. Hapo hakuna mfuko unaombebea mwenzake mzigo. Wala si jambo geni, kwani SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambamo nchi zote mbili ni wanachama, ina miongozo ya mwaka 2020 kuhusu kuhamisha mafao ya namna hii.

Hapa hapa mpakani, tangu 2019, lori linakaguliwa mara moja katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja. Nchi hizi mbili zinamiliki kwa pamoja reli ya TAZARA, kilomita 1,860. Shaba imetengenezewa njia, lakini dereva anayeibeba anahesabiwa upya kila anapobadili mwajiri ng'ambo.

Wanaoumia zaidi ni wajane. Yupo mama tunayemsindikiza sisi wenyewe, ambaye kila akivuka na cheti cha ndoa anaambiwa alete barua ya mwajiri wa zamani wa marehemu. Kampuni hiyo ilishafungwa. Hajui hata aulize wapi.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa sherehe iliyopita alilipokea kwa mikono miwili, akaahidi wataalamu wangefika kabla ya mavuno. Tuliandaa ukumbi, tukaandaa na chakula. Hakuja mtu, wala hatukupata barua ya kutueleza sababu. Tunaamini wewe utakuwa tofauti, ndiyo maana tumekualika.

Tunakuomba ulifikishe suala hili kwa wizara yenye dhamana ya kazi na hifadhi ya jamii, ili ikae na wenzao wa Zambia. Wakati mazungumzo yakiendelea, NSSF na NAPSA waweke dawati la pamoja hapa mpakani la kuhakiki michango, walau siku moja kila mwezi. Chumba tutakitafuta sisi, na viti vipo.

Tungefurahi sana iwapo katika hotuba yako utatutajia tarehe ya kupata majibu, katibu aiandike kwenye muhtasari mbele ya wanachama wote.

Tunaomba kuwasilisha.