Barua ya wazi kwa wanaogawa maziwa ya watoto Ujiji

Ujiji, Kigoma

Wanangu mnaosimamia stoo ya chakula cha msaada,

Nawasalimu kwa upendo. Jumamosi iliyopita niliyaona makopo ya maziwa ya watoto wachanga yamepangwa mezani pamoja na mchele na sukari, kila mama akijichukulia. Najua mlifanya kwa huruma, lakini mimi niliyezalisha akina mama wa mji huu hadi nilipostaafu siwezi kunyamaza: maziwa haya yasigawiwe kama sukari.

Kopo la gramu 400 halimfikishi wiki mtoto wa miezi 3 asiyenyonya. Likikaribia kuisha na stoo ikiwa tupu, mama huyazimua kwa maji mengi ili yasogee siku mbili zaidi, na mtoto hujaa tumbo huku akikonda. Yule anayenyonyesha naye, akishapewa kopo, humweka mtoto kifuani mara chache, na titi lisiponyonywa maziwa yake hupungua, hata msaada wa siku nne ukamwachia shida ya miezi. Kanuni zilizopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981 zinamtaka anayegawa maziwa ya msaada ahakikishe yataendelea kupatikana kwa muda wote ambao mtoto anayahitaji. Basi andikeni majina ya watoto waliofiwa na mama zao, na wale ambao muuguzi wa kliniki amethibitisha kuwa hawawezi kunyonyeshwa, mkawawekee wao makopo yote. Mama anayeishi na VVU na kutumia dawa zake vizuri msimwachishe kunyonyesha kwa hofu.

Kopo lililofura, lililotoboka, lililokwisha kufunguliwa au lililopitwa na tarehe litupwe, hata kama aliyelileta ni mtu wa kuheshimiwa. Msipime unga katika vifuko ili wengi wapate, kwa kuwa tarehe na maelekezo hubaki kwenye kopo. Tena someni maandishi: maziwa ya unga ya kutilia chai, au yale mazito yenye sukari, si chakula cha mtoto mchanga.

Mwelekezeni mlezi kwa vitendo namna ya kukoroga maziwa ya watoto, kwa sababu unga wake hauui vijidudu wala haukutengenezwa bila vijidudu kabisa. Maji yachemke, yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, unga utiwe yangali moto sana, kisha maziwa yapozwe na kujaribiwa kwenye kifundo cha mkono. Yaliyokaa saa mbili baada ya kukorogwa yamwagwe, ingawa najua inauma. Kikombe kidogo kinachosafishika kwa urahisi ni salama kuliko chupa yenye chuchu.

Mtoto akitimiza miezi 6, uji wenye dagaa wetu waliokaushwa vizuri, wakasagwa na kuchekechwa, utamfaa sana. Karanga na mahindi yenye ukungu msiyapokee, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Asali nayo isubiri hadi atimize mwaka.

Jumamosi ijayo nitafika saa moja asubuhi nikiwa na daftari. Nawaomba makopo yote yatolewe mezani na kuwekwa kando hadi tutakapokuwa tumesoma tarehe ya kila moja.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu