Faili ya VA ikikosewa, msikimbilie wakala

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule ndugu mliyoichapa toleo lililopita, yule anayesema ati kleimu ya fidia ya mwanajeshi mstaafu ikishakataliwa na VA, ile idara ya Marekani ya wanajeshi wastaafu, kwa sababu daktari aliandika vitu vya uongo basi hakuna la kufanya, utafute tu mtu wa kukupigania umlipe. Samahani ndugu yangu lakini hapo umewapotosha watu. Mimi ndio hubeba makaratasi ya baba watoto wangu hapa Killeen, Texas, yeye ni mtu wa kunyamaza, akiumwa hasemi, akinyimwa hasemi, kwa hivyo fomu, simu, posta, yote ni mimi.

Wacha nieleze kosa lenyewe. Baba watoto aliumia mgongo akiwa jeshini, walikuwa wanashusha mizigo kwa lori akateleza akaangukia kiuno, asubuhi yake akaenda kliniki ya kambi wakampa dawa za maumivu na kikaratasi cha kupumzika, na hicho kikaratasi kipo. Alipotoka jeshi mgongo ukazidi, akaenda kliniki moja ya raia, sitaitaja, na pale akaulizwa yale maswali yao ya kawaida, umewahi kupata ajali yoyote maishani? Yeye kwa uaminifu wake akasema ndio, nikiwa kijana Kisumu nilianguka na boda boda nikavunjika mkono. Basi ikaandikwa kwamba ana maumivu ya mgongo tangu ajali ya pikipiki Kenya. Hivo tu. Mkono hauko, lori haliko, jeshi haliko. Na hicho kisentensi kikaanza kusafiri, kila daktari aliyemwona baadaye alikichukua vile kilivyo maana siku hizi hawaandiki, wanakopi na kupesti, mpaka kikamfikia daktari wa kandarasi aliyefanya ile eksam ambayo VA huagiza ili kuamua kleimu, inaitwa C&P, naye akahitimisha kwamba mgongo huu haujaletwa na jeshi kwa sababu alikuja nao kutoka kwao. Kleimu ikakataliwa.

Ile barua ya kukataliwa haikuambii yote. Inakuambia daktari alisema nini kwa ufupi na inaorodhesha ushahidi waliouangalia, lakini ripoti yenyewe ya eksam na yale makaratasi aliyosoma huyo daktari yako ndani ya faili, na faili lazima uiombe. Fomu ni 20-10206, hailipiwi. Watu wetu wakikataliwa wanapandwa na hasira usiku huohuo wanatuma rufaa, na hata hawajui wanabishana na sentensi gani. Sisi tulingoja faili ikaja, nikakaa mezani na kalamu ya kupaka rangi nikatafuta kila mahali palipoandikwa pikipiki, na ukifuata tarehe kurudi nyuma unafika kwenye ukurasa ule wa kwanza wa ile kliniki. Huo ukurasa ndio mama wa zingine zote.

Sasa jambo ambalo naona ndugu yetu hakulijua, na wengi hawalijui, ni kwamba hapa kuna kazi mbili tofauti na hazifanywi ofisi moja. Moja ni kurekebisha rekodi ya hospitali. Ya pili ni kubatilisha uamuzi wa kleimu. Kliniki inaweza kukurekebishia rekodi vizuri kabisa na uamuzi ubaki palepale mpaka wewe mwenyewe uupeleke, na pia unaweza kushinda kleimu huku kliniki bado imekukatalia. Na wakati unahangaika na ile ya kwanza, saa ya ile ya pili inatembea, una mwaka mmoja kutoka tarehe ya barua ya uamuzi ili usipoteze tarehe yako ya kuanza kulipwa, na hakuna atakayekusimamishia hiyo saa ati kwa sababu kliniki haijakujibu.

Kwenye rekodi, kama ni kliniki ya raia sheria ya faragha ya matibabu, HIPAA, inakupa haki ya kuomba marekebisho kwa maandishi, nao wana siku 60 za kujibu, wakiongeza ni 30 mara moja tu. Kama ni hospitali ya VA unamwandikia afisa wa faragha wa hospitali hiyohiyo, usimsumbue daktari wala mtu wa mapokezi. Kama kosa liko kwenye rekodi za jeshi lenyewe kuna bodi ya marekebisho ya kila tawi, fomu ni DD 149, na muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa wanaweza kukusamehe kuchelewa wakiona haki inadai hivyo. Andika ukurasa gani, tarehe gani, sentensi gani, na iwe vipi. Usiandike historia ya maisha. Na usitegemee watafuta, hawafuti, maneno ya zamani yanabaki na marekebisho yanaambatanishwa. Wakikataa unayo haki ya kuandika taarifa ya kupinga nayo ikae na rekodi kila inapoenda. Na tafadhali mtu asichukue kalamu akakata sentensi kwenye nakala yake halafu akaituma VA, hapo umejitafutia kesi nyingine kabisa.

Kwenye kleimu ndio nilijifunza mengi. Kuna kitu sheria inasema, ukiingia jeshini na daktari wao akakupima asione tatizo, unahesabiwa uliingia mzima. Ile fomu ya kupimwa siku ya kuingia ni DD 2808, na ya baba watoto kwenye mgongo wameweka alama ya kawaida. Sasa ili serikali iseme alikuja na ugonjwa kutoka nyumbani, inatakiwa ushahidi wa wazi usio na shaka kwa mambo mawili, kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla na pia kwamba jeshi halikuuzidisha, hilo mahakama iliweka sawa mwaka 2004 katika kesi ya Wagner v. Principi. Kisentensi cha kliniki kilichoandikwa miaka baadaye kwa haraka hakifiki huko. Kuna nyingine ya zamani zaidi, Reonal v. Brown ya 1993, inasema maoni ya daktari yaliyojengwa juu ya habari zisizo sahihi hayana uzito wa ushahidi. Mimi si wakili, nilisoma tu, lakini hizo mbili niliziandika kwenye barua yetu kwa maneno machache na nadhani zilisomwa.

Halafu kulikuwa na daftari. Walioenda hospitali za serikali Kenya wanajua, unanunua daftari la shule dukani nje ya geti, daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani. Mama mkwe alikuwa bado analo! Limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki wa zamani, ile iliyopigwa marufuku 2017, pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba. Shemeji yangu akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa na jalada lake lenye jina, akatutumia. Mwandiko ni ule wao wa kuku lakini unasomeka, mkono wa kushoto umevunjika, apigwe eksirei, awekwe plasta, muhuri, tarehe. Mgongo hautajwi popote. Shemeji mwenyewe ndiye alimpeleka hospitali siku ile, kwa hivyo akajaza na fomu ya shahidi, 21-10210, akiwa hukohuko Kisumu, hakuna mahali panaposema shahidi lazima aishi Marekani. Na mimi nikajaza yangu. Sikuandika ana ugonjwa gani, niliandika ninachoona, kwamba soksi namvalisha mimi, kwamba analala sakafuni, na kwamba ilianza alipokuwa bado na sare. Mahakama ilishasema tangu 2006 kwenye Buchanan v. Nicholson kwamba huwezi kutupilia mbali maneno ya watu walioona kwa sababu tu hakuna karatasi ya daktari ya wakati ule.

Kwa vile tulikuwa na ushahidi mpya tulipitia Supplemental Claim, yaani kleimu ya nyongeza, fomu 20-0995. Nasisitiza hapa kwa sababu naona watu wengi wanakimbilia ile Higher-Level Review, yaani uamuzi kupitiwa upya na afisa wa juu, wakisikia kuna simu ya kuongea na afisa mkubwa, lakini huko hawapokei ushahidi mpya hata ukurasa mmoja, daftari letu lingebaki mezani. Ile ni nzuri kama kosa linaonekana tayari ndani ya faili. Tulipata pia barua ya daktari mwingine, na nilimwomba asiishie kusema uwezekano kwamba jeshi ndilo chanzo ni nusu kwa nusu au zaidi, aseme amesoma faili yote, aitaje ajali ya boda boda kwa jina na aeleze kwa nini siyo chanzo. Daktari akiiruka hiyo ajali, anayesoma atadhani hakuijua.

VA hupima ulemavu kwa asilimia, na sisi tulipewa asilimia 20. Kwa viwango vya 2025 ilikuwa dola 346.95 kwa mwezi, na chini ya asilimia 30 mke na watoto hawaongezewi kitu, nilicheka nilipoisoma, mimi niliyejaza fomu zote. Sidhani 20 ni haki na hilo tunaliendeleza. Lakini mgongo sasa umekubaliwa ni wa jeshi, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu.

Niongeze kidogo kwa ndugu zetu Wakongomani na Wasomali, kwa sababu kwao kuna kosa la aina nyingine. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi wameandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, na majina yetu yanageuzwa, la babu linakuwa la kwanza, la kwanza linakuwa la mwisho, hivyo watu wawili wanafanana kwenye kompyuta na ukurasa wa mmoja unaingia kwa mwingine. Ukiona dawa ambayo hujawahi kumeza au upasuaji ambao hukufanyiwa, mwambie afisa wa faragha siku hiyohiyo, na usiitupe WhatsApp kwenye grupu, ni siri za mtu. Na msidhani ni sisi tu, ule mfumo mpya wa kompyuta wa VA ulioanzia Spokane, jimbo la Washington, Oktoba 2020, mkaguzi wao mwenyewe alisema 2022 kwamba oda zaidi ya 11,000 za madaktari hazikufika zilikotumwa.

Sasa Mhariri, nawageukia nyinyi. Katika toleo hilohilo, chini ya barua ya ndugu yetu, kuna tangazo la wakala anayeahidi asilimia 100 na anataka sehemu ya malipo. Sheria hairuhusu mtu kutoza ada kuandaa kleimu ya kwanza, na baadaye wanaoruhusiwa kulipwa ni mawakili na mawakala walioidhinishwa na VA, majina yao yako kwenye tovuti ya VA mtu yeyote anaweza kuangalia. Vyama vya wanajeshi wastaafu kama DAV, VFW na American Legion wanasaidia bure, na hapa Texas kaunti ina afisa wake, bure pia. Naomba kabla hamjachapa tena tangazo hilo muulize huyo wakala kama ameidhinishwa, na jibu lake mlichape hapohapo kwenye ukurasa wa barua.

Mke wa mwanajeshi mstaafu
Killeen, Texas