Shoga, majongoo wako wamebanana

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata na hesabu zako nimezipitia moja moja. Unasema ua wako wa wavu kule baharini una mita 20 kwa 20, ulitia vifaranga elfu moja vya jongoo bahari, aina ile ya jongoo mchanga, na huu mwezi wa pili uzito umeganda kwenye gramu 80. Unauliza uwanunulie chakula gani. Shoga, usinunue kitu.

Piga hesabu pamoja nami. Ua wako ni mita za mraba 400. Majongoo elfu wa gramu 80 ni kilo 80, yaani gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Jongoo mchanga anameza mchanga, anajipatia vijidudu na mabaki yaliyooza yaliyoganda kwenye chembe, kisha anautoa. Walivyo wengi hivyo, mchanga unamezwa tena kabla haujapata rutuba mpya. Kule Toliara, kusini-magharibi mwa Madagascar, imepimwa karibu gramu 700 kwa mita ya mraba ndipo wakaacha kukua, lakini kwingine wanasimama kwenye 200 na kidogo. Kila mchanga na kikomo chake, na wa kwako umeshakuonyesha kwenye mizani. Ukizidi kuwabana watasinyaa, maana jongoo mwenye njaa hujila mwili wake.

Kwa hiyo ukitaka wafike gramu 400, ua huo unabeba 200 tu. Na hapo hupotezi kitu. Jongoo akishatumbuliwa, akachemshwa na kukaushwa hubaki karibu asilimia 5 ya uzito wake. Elfu wa gramu 80 au mia mbili wa gramu 400, kavu ni kilo 4 zile zile. Ila mnunuzi anapanga kwa ukubwa, na kilo ya wakubwa ina bei nyingine kabisa. Wape wengine nyua nyingine, pale mguu unapozama kidogo kwenye mchanga wenye tope laini na nyasi bahari. Penye changarawe za matumbawe usipeleke hata mmoja.

Sasa kupima, maana hapa ndipo wengi wanajidanganya. Urefu hauna maana: ukimgusa anajikunja, ukimwacha anajinyoosha. Uzito nao unadanganya, kwa kuwa amejaa maji na mchanga. Mtoe, mweke kwenye tenga, acha maji yachuruzike dakika moja kamili, ndipo umpime. Dakika ile ile kwa kila mmoja, na saa ile ile kila mwezi. Usimminye! Akishtuka atatapika matumbo. Yataota tena, lakini muda wote huo hali chakula vizuri na uzito unashuka. Pima 30 bila kuchagua, si wale wanene walio karibu na mguu wako.

Nenda usiku wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu ambapo maji hukupwa sana, yakikauka kwenye saa nne. Asubuhi wengi wamejifukia, utahesabu nusu ukadhani umeibiwa. Usiku wako juu, na tochi itakuonyesha nyuma ya kila mmoja mkufu wa mchanga aliotoa. Penye mikufu mingi mipya wanakula. Ukiona weupe kama ngozi iliyochubuka, mtenge huyo siku hiyo hiyo.

Utakuta mmoja ana gramu 40 na mwenzake aliyetiwa siku hiyo hiyo ana 200. Ndivyo walivyo. Jongoo hana magamba wala mawe ya sikio kama samaki ambayo ungehesabu miaka yake, basi usiseme huyu mdogo ni mtoto. Anza kuvuna wakubwa wanapofikia 400. Waliobaki watapata mchanga na wengi watanyanyuka.

Hesabu ya kukua, wakiwa na nafasi: gramu 1 hadi 1 na nusu kwa siku. Kutoka 15 hadi 400 ni kama miezi tisa hadi mwaka. Kipupwe maji yakipoa watapunguza, usiogope. Masika ndiyo ya kuogopa kama ua uko karibu na mkondo wa maji ya mvua: chumvi ikishuka wanajifukia, hawali, na wengine wanakufa.

Vifaranga vya awamu ijayo usipokee chini ya gramu 15, kaa atavimaliza. Wiki nzima kabla ya kuvitia, pita usiku utoe kaa wote ndani ya ua. Wavu uufukie sentimita 20 au zaidi. Viweke kwa mkono juu ya mchanga jioni, usivimwage kutoka kwenye ndoo.

Na naomba uwabakishe wachache waliovuka gramu 200, wakae pamoja. Wanatoa mayai na mbegu majini, wakiwa mbalimbali havikutani.

Bamvua ijayo pima hao 30, uniandikie uzito wa kila mmoja, si wastani peke yake.

Shoga yako,
Mwajuma