Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tulichokikuta Nicodemus

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Mambo ya kawaida nitayapitia upesi. Vikao vya kamati vilifanyika, madarasa ya Kiswahili ya watoto yanaendelea, na hesabu atazisoma mweka hazina. Muda uliobaki naomba niutumie kwa safari ya Nicodemus, makazi ya watu Weusi waliotoka utumwani hapa Marekani, maana ndiyo iliyozaa pendekezo mtakalolipigia kura leo.

Wengi wetu tumeishi jimbo hili la Kansas miaka mingi bila kufika huko. Nicodemus ni kijiji kidogo ndani ya Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo, kando ya barabara kuu namba 24. Ardhi ya pande hizi serikali iliipima kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukakatwa vipande 36. Ndiyo maana barabara za mashambani zimenyooka na kukatana kama mistari ya bao la drafti. Tawi la kusini la Mto Solomon linapita karibu. Miti utaiona zaidi kandokando ya maji. Kwingine ni ngano, nyasi na upepo.

Mwaka 1877 mhubiri Mweusi, W. H. Smith, na Mzungu mmoja mfanyabiashara wa ardhi, W. R. Hill, walianzisha kampuni ya mji. Matangazo yakasambazwa Kentucky kwa watu waliotoka utumwani miaka kumi na kitu tu nyuma, na Septemba mwaka huo wakaja kama 300. Walikuta nchi tupu. Wakachimba mashimo ubavuni mwa vilima, wakaezeka, wakaishi humo. Majira ya baridi ya kwanza Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama. Mwaka uliofuata alifika Willianna Hickman akauliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Akalia.

Hapo ndipo mzee wetu mmoja, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliinama akanyamaza kwa muda mrefu. Baadaye akatuambia kwamba mama yule anamfahamu. Mimi sikuwa na la kuongeza.

Lakini walibaki. Walilima kwa majembe na sepetu, kwani farasi walikuwa wachache, wakajenga makanisa na shule. Mmoja wao, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Kilichowaumiza ni reli: mwaka 1888 ilipita ng'ambo ya mto, na wenye maduka wakahamia Bogue, mji mpya kando ya reli hiyo, wengine na majengo yao. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930. Posta ilifungwa 1953. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14.

Mimi naiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Kila mwisho wa Julai wazao wao hurudi kutoka majimbo mbalimbali kuadhimisha uhuru, desturi iliyoanza na walowezi wenyewe. Mmoja wa wazao hao, Angela Bates, alianzisha chama cha historia cha Nicodemus, akapigania mahali hapo palindwe, na mwaka 1996 pakatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Ukumbi wa kata, uliojengwa kwa mawe ya chokaa mwaka 1939, bado umesimama. Tuligusa kuta zake.

Sisi je? Wazee watatu wametutoka tangu chama kianze, na simulizi zao za njiani hatukuzirekodi hata moja. Hilo ni kosa la uongozi, nami nikiwemo.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mawili: kwanza, vijana wetu waanze kurekodi sauti za wazee mwezi huu, kila familia kwa lugha yake, pili, Julai ijayo turudi Nicodemus wakati wa maadhimisho, tukiwa na watoto. Majina ya watakaosafiri na ya wazee walio tayari kurekodiwa anayaandika katibu, meza ya mlangoni.